Somo: Kupitisha umeme katika mmumunyo wa mrututu na kupima shaba inayohama

Jaribio hili la kidato cha tatu mara nyingi huishia kwenye rangi: wanafunzi huona shaba mpya imejipaka kwenye kathodi (kipande kilichounganishwa na ncha hasi ya betri), kisha kipindi kinakwisha. Kwa maoni yangu utamu wake umo kwenye mizani, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi anapojionea kwamba uzito wa shaba iliyohama unafuata kiasi cha umeme kilichopita, kanuni aliyoieleza Michael Faraday huko Uingereza katika miaka ya 1830.

Andaa gramu 25 za mrututu, yaani salfeti ya shaba, bika, vipande viwili vya bati la shaba vya sentimita 3 kwa 6, betri nne za tochi zilizounganishwa mfululizo, amita ya kupimia mkondo, rheostati ya kuurekebisha, na mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Maji, mililita 200, yawe ya mvua au yale yaliyokenekwa ya kuongezea betri za magari (si asidi yake), kwa sababu maji ya kisima chenye chumvichumvi, kama vilivyo vingi karibu na bahari, huweza kuufanya mmumunyo uwe na ukungu.

Hatua ya 1. Chora A (anodi) na K (kathodi) kwa msumari kwenye vipande, visugue kwa msasa hadi ving'ae, vioshe, visuuze kwa spiriti na uviache vikauke. Tangu hapo vishike ukingoni tu, maana mafuta ya vidole huzuia shaba isishike vizuri.

Hatua ya 2. Pima kila kipande na uandike uzito wake papo hapo.

Hatua ya 3. Yeyusha mrututu katika maji hayo ndani ya bika, kisha ongeza matone machache ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa.

Hatua ya 4. Unganisha A kwenye ncha chanya na K kwenye ncha hasi, amita na rheostati zikiwa katika njia hiyo hiyo ya umeme, na vipande vizame kwenye mmumunyo bila kugusana.

Hatua ya 5. Rekebisha mkondo ufike ampea 0.25 na uuendeshe kwa dakika 40. Mwanafunzi mmoja asibanduke kwenye amita, kwani mkondo hupandapanda na kushuka, na hesabu yote inautegemea.

Hatua ya 6. Toa vipande, vichovye kwenye maji kisha kwenye spiriti, uvikaushe bila kuvifuta. Usivipitishe kwenye moto, kwa sababu shaba iliyoungua hupata utando mweusi wa oksidi unaoongeza uzito.

Ampea 0.25 kwa sekunde 2,400 ni kulombu 600 (kulombu ni kipimo cha kiasi cha umeme). Kila ayoni ya shaba, yaani chembe ya shaba yenye chaji, huhitaji elektroni mbili, hivyo gramu 63.5 za shaba huhitaji kulombu 193,000, na kulombu 600 huleta takriban gramu 0.20. K iongezeke kiasi hicho, na A ipungue karibu sawa.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi, Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Je, salfa ya kupulizia mikorosho inaweza kushika nafasi ya mrututu?

Jibu: Marahaba. Haiwezi. Salfa inayozuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ni elementi tupu, unga wa njano usioyeyuka majini wala kutoa ayoni, kwa hiyo sindano ya amita haitatikisika.

Mwalimu, Masasi: Shaba yetu ilitoka nyeusinyeusi na ikapukutika tulipoisuuza.

Jibu: Mkondo ulikuwa mkubwa mno kwa eneo la kipande chenu. Ukiwa na kipande chenye eneo dogo, punguza ampea na uongeze muda.

Mwanafunzi, Newala: Tulitumia vijiti vya kaboni kutoka betri chakavu, na rangi ya buluu ikafifia. Je, tumeharibu?

Jibu: Hamjaharibu. Anodi ya kaboni haitoi shaba ya kufidia ile inayokwenda kathodi, hivyo ayoni za shaba hupungua. Mapovu mliyoyaona kwenye anodi ni oksijeni, na karatasi ya litimasi ya buluu ikichovywa humo itageuka nyekundu, ishara ya asidi.

Mwalimu, Kilwa: Mmumunyo uliobaki tuumwage wapi?

Jibu: Msiumwage. Kwa anodi ya shaba kiasi cha shaba kilichomo hakibadiliki, basi uchujeni na muuhifadhi kwenye chupa yenye lebo kwa ajili ya darasa lijalo. Ukifika baharini, shaba yake ni sumu kwa samaki na chaza.