Kupita na baiskeli Barabara ya Uhuru bila ugomvi

Kila alfajiri natoka Buguruni, hapa Dar es Salaam, na kreti mbili za mikate, naelekea Kariakoo. Pagumu ni vituoni. Daladala ikiwasha indiketa ya kushoto, usijipenyeze kati yake na ukingo wa barabara: mlango uko huko huko, na abiria anashuka akihesabu chenji, hakuoni. Subiri nyuma. Mwaka jana, kwa haraka zangu, nilimgonga mama mmoja pale Ilala. Ndoo yake ya samaki ikamwagika. Tuliokota vibua kimoja kimoja huku konda akitukinga na magari. Inaniuma hadi leo.

Ukitaka kuingia kulia, geuka utazame, nyoosha mkono, mwangalie dereva usoni. Akikupisha, mpungie mkono. Usiku funga taa kwenye baiskeli, hata tochi.

Ndugu dereva, kwenye zebra simama kabisa. Ukisogea-sogea, bibi mwenye mzigo kichwani hajui kama umemruhusu. Na honi ndefu mgongoni mwangu inanishtua, nayumba na mikate yangu. Piga fupi, ukiwa bado mbali.

Nawe unayevuka, gari likisimama usikimbie. Chungulia kwanza: bodaboda huchomoka pembeni yake.