Kutengeneza Bodi ya Lori Lililogongwa kwa Kutumia Bima

Lori likigongwa, mwenye mali hutamani kulipeleka kwa fundi bodi siku hiyo hiyo, kwa kuwa kila siku linayosimama ni mzigo uliompita. Haraka hiyo ndiyo inayowatia wengi hasara. Kampuni ya bima hulipia uharibifu uliokaguliwa na kuandikwa, hivyo ukinyoosha mlango au kufungua bampa kabla mthamini, yaani mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni ya bima, hajafika, unakuwa umeufuta ushahidi wako mwenyewe.

Hapa Tanzania, hakikisha kwanza kwamba lori lina bima kubwa, ile inayolipia pia uharibifu wa gari lako mwenyewe, kwa sababu bima ndogo hulipa madhara aliyopata mtu wa tatu tu na haigusi bodi ya gari lako. Toa taarifa polisi ili ajali ipimwe na lori likaguliwe, kisha ijulishe kampuni ya bima bila kuchelewa. Fomu ya madai huambatanishwa na taarifa ya polisi, kadi ya gari na leseni ya dereva yenye daraja linaloruhusu gari la aina hiyo. Piga picha lori likiwa bado palepale, namba ya usajili ikionekana pamoja na sehemu zilizoumia.

Siku ya ukaguzi, uwepo mwenyewe pamoja na fundi unayemwamini. Usikubali maelezo ya jumla kwamba mbele kumeharibika. Omba kila kifaa kiandikwe kwa jina lake: bampa, shoo (wavu wa mbele), taa, ngazi ya kupandia, mlango, madigadi. Kwa malori ambayo kebini yake hulazwa mbele ili kuifikia injini, pigo la pembeni laweza kuwa limeisogeza kebini kwenye vishikizo vyake bila jicho kuona haraka. Funga milango yote miwili, kisha linganisha uwazi kati ya mlango na nguzo yake, juu na chini. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, kuna kilichopinda ndani, na hilo liandikwe.

Mabishano makubwa huwa juu ya kunyoosha au kubadilisha. Bonde pana kwenye bati bapa hunyooshwa vizuri, lakini bati lililochanika, lililokunjika ukingoni au lililoumia kwenye maungio ya kuchomelea linafaa kubadilishwa. Fundi asiye mwaminifu hulificha bonde kwa puti nene, yaani lipu ya kujazia mabonde kabla ya rangi, ambayo hupasuka baada ya muda kwa mtikisiko wa barabara mbovu. Kabla ya kupokea gari, pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bati la chuma lililotengenezwa. Pale inapokataa kushika, chini yake kuna puti nyingi. Kwa malori ya Dar es Salaam na Tanga, ninasisitiza pia sehemu zilizochomelewa zipakwe rangi ya kuzuia kutu kwa ndani, kwani hewa ya bahari huanza kula bati upande usioonekana.

Kazi isianze kabla kampuni haijaidhinisha makadirio ya gereji kwa maandishi. Bodi ikifunguliwa na uharibifu mwingine ukaonekana, simamisha kazi, mwite mthamini arudi, na uombe nyongeza ya makadirio. Spea za zamani zisitupwe, kwa sababu kampuni ikilipia mpya huweza kudai mabaki.

Soma mkataba wako kuhusu kiasi unachobeba mwenyewe katika kila dai na makato ya uchakavu wa spea. Angalia pia thamani uliyoikatia bima: lori la shilingi milioni 120 lililokatiwa bima kwa milioni 90, mkataba ukiwa na kipengele cha uwiano (kampuni hulipa kwa kadiri ya sehemu ya thamani uliyoikatia bima), litalipiwa robo tatu tu ya hasara, hata kama kilichoharibika ni mlango mmoja.

Usisaini hati ya kuridhika, inayothibitisha kwamba umeikubali kazi ya gereji, hadi umelitazama lori mchana, juani, na kuliendesha. Rangi ikitofautiana au mlango ukigoma kufunga, lirudishe gereji kabla ya kusaini. Malipo yakikataliwa au kupunguzwa bila maelezo, iandikie kampuni kwanza ukitaka sababu kwa maandishi; msipoelewana, peleka lalamiko hilo pamoja na nyaraka zote kwenye Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.