Mambo ya kuzingatia kabla ya kuizunguka Budapest kwa baiskeli

Kabla ya kulipia ziara ya baiskeli mjini Budapest, uliza kwanza njia yake inapita upande gani wa mto Danubi. Pest, upande wa mashariki, ni tambarare, ilhali Buda, upande wa magharibi, ni vilima, na kilima cha Gellért hufikia mita 235 juu ya usawa wa bahari. Buda, Óbuda na Pest ziliunganishwa kuwa mji mmoja mwaka 1873, lakini kwa mwendesha baiskeli asiye na mazoezi bado ni miji tofauti.

Beba maji. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na usikubali kuondoka bila kofia ngumu inayokukaa vizuri. Jaribu breki zote mbili ukiwa bado umesimama, kwa kuwa katika baiskeli nyingi za huko breki ya mbele hushikwa kwa mkono wa kushoto, na anayeifunga ghafla akidhani ni ya nyuma huweza kurushwa juu ya usukani. Kumbuka pia kwamba Hungaria huendesha upande wa kulia, kwa hiyo sisi tuliozoea kushoto hukosea zaidi tunapokata kona.

Jambo ambalo sikulipa uzito katika ziara yangu ni reli za tramu, yaani treni za mjini zinazopita barabarani. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tunaijua reli kuwa kitu kilicholazwa juu ya kokoto, mbali na njia ya magari. Hatujazoea reli iliyozamishwa ndani ya barabara, yenye mfereji mwembamba unaotosha kabisa kumeza tairi la baiskeli. Kiongozi wetu alilieleza hilo mwanzoni, nami wakati huo nilikuwa napiga picha za mto. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Tulivuka daraja la Szabadság, lile la chuma cha kijani lililofunguliwa mwaka 1896, ambalo tramu namba 47 na 49 hupita juu yake, tukashukia upande wa Pest kwenye uwanja wa Fővám. Wenzangu walizunguka kwa upana na kuzikata reli moja kwa moja, lakini mimi niliyekuwa wa mwisho, kwa hofu ya kuachwa, nilipita mkato kwa mshazari. Tairi la mbele lilizama, usukani ukakataa kugeuka, na kabla sijaelewa kilichotokea nilikuwa chini, nimeuangukia mkono wa kushoto, huku kengele ya tramu ikilia nyuma yangu. Tramu ilisimama kwa wakati. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika, nikafungwa hogo kwa wiki sita.

Kwa hiyo, unapoikaribia reli, punguza mwendo mapema, elekeza gurudumu la mbele liikate kwa pembe iliyo karibu na nyuzi 90, wala usifunge breki au kupinda ukiwa juu ya chuma, hasa kikiwa kimelowa. Ukiona nafasi haitoshi kupata pembe hiyo, shuka ukokote baiskeli, hata kama wenzako wametangulia; kiongozi anayestahili fedha yako atasubiri.

Bima nayo isome. Viza ya Schengen, yaani ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Hungaria ikiwemo, humtaka msafiri awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na wengi wetu huinunua kwa ajili ya ubalozi tu, bila kuangalia kama inahusu ajali ya baiskeli. Yangu ilikuwa imebaki hotelini, na ilibidi mwenzangu aifuate huku mimi nikisubiri na mkono uliovimba. Weka nakala mfukoni, pamoja na namba 112, ambayo ni ya dharura katika Umoja wa Ulaya wote.

Uwe na forinti kidogo, yaani fedha ya Hungaria, maana euro haikubaliki kila mahali. Ukifika kwenye jozi 60 za viatu vya chuma zilizowekwa kingoni mwa mto karibu na Bunge, kuwakumbuka Wayahudi waliopigwa risasi hapo mwaka 1944 na 1945, shuka na uiache baiskeli mbali, kwa sababu watu huja hapo kuomboleza. Usiendeshe ukiwa na simu mkononi, usiifuate migongo ya wenzako bila kutazama taa za barabarani, na mvua ikiwa imeshaanza kabla hamjaondoka, uliza kama mnaweza kuahirisha hadi kesho yake.