Pima pawa saplai kwa klipu ya karatasi kabla ya kununua nyingine
Kompyuta ya mezani ikigoma kabisa kuwaka, chomoa umeme, tenganisha nyaya zote za pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta), kisha kwenye plagi pana ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa klipu iliyokunjwa. Rudisha umeme. Madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, nayo huiwasha hivyohivyo, kwa kuuvuta waya wa kijani hadi volti sifuri. (Nyaya zote ni nyeusi? Ni pini ya 16 na 17.) Feni ikizunguka, pawa saplai inawaka, lakini hilo halithibitishi kwamba itahimili mzigo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Baadhi ya feni husubiri joto ndipo zizunguke, kwa hiyo pima waya wa njano: volti 11.4 hadi 12.6. Boksi lenyewe usilifungue, kapasita (vihifadhi umeme vya ndani) hubaki na chaji.