Kabla barua ya mkopo haijafika: mambo ya kuandaa kwa sisi tunaoishi Marekani

Jumamosi moja mama jirani yangu, Mkongo aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Kentucky, alinigongea mlango akiwa na bahasha mkononi. "Mwanangu, unitazamie kama nimejaza muzuri." Ndani mlikuwa na fomu iliyojazwa kwa herufi kubwa, safi: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Social Security, jina la benki na namba ya akaunti. Juu iliandikwa kwamba amekwisha kukubaliwa mkopo wa dola 5,000. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, alitakiwa atangulize dola 250 za "bima ya mkopo", tena kwa kadi za zawadi za dukani. Stempu alikuwa ameshaibandika.

Nilimshukuru Mungu kwamba alipita kwangu kabla ya kufika posta. Lakini sikumshangaa. Kambi ile imepokea Wakongo tangu 1996, na aliyeishi humo anajua thamani ya karatasi yenye jina lake. Karatasi ndiyo iliyoleta chakula, ndiyo iliyomwita kwenye usaili, na kuipuuza kungeweza kumrudisha nyuma kwenye foleni ya safari. Mtu wa namna hiyo akifika Marekani, akakuta kwenye boksi lake bahasha yenye nembo ya tai, muhuri na maneno "jibu ndani ya siku 10", atajibu. Anajibu kwa sababu ni mtu makini. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakiwaita wajinga waliotapeliwa. Kinachotuponza ni kwamba tunaanza kufikiria barua ikishakuwa mezani, saa inakimbia na dola 5,000 tumeshazipangia kazi. Maandalizi yanatakiwa yafanyike mapema, siku ambayo hakuna barua yoyote.

Cha kwanza, fahamu namba ile ya Social Security, ya tarakimu tisa, tunayoiita soshali, inafungua nini. Karibu kila mkopeshaji hapa, kabla hajampa mtu kadi au gari, huuliza habari zake kwenye kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Mwenye jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na soshali yako anaweza kuomba mkopo akiwa wewe, na deni litaandikwa kwako. Fomu ya yule mama ilikuwa na vyote vitatu.

Kwa hiyo kazi iliyo muhimu kuliko zote ni kufunga faili lako la mikopo katika kampuni hizo tatu. Wengi wetu tunasema kufrizi krediti. Faili likishafungwa, mkopeshaji mpya hawezi kuliona, na asipoliona kwa kawaida hatoi mkopo. Tangu Septemba 2018 sheria ya nchi nzima imefanya huduma hii kuwa bure, kufunga na kufungua. Ukiomba kwa simu au kwa intaneti wanatakiwa wafunge ndani ya siku moja ya kazi, na ukitaka wafungue, ndani ya saa moja. Alama zako za mikopo (credit score) hazishuki, na kadi ulizo nazo zinaendelea kufanya kazi. Ila ni lazima uende kwa kila kampuni peke yake. Ukifunga mbili ukaiacha moja, bado mlango mmoja uko wazi. Na siku unapotaka kupanga nyumba au kununua gari kwa mkopo, kumbuka kufungua kwanza, ama utakataliwa bila kuelewa sababu.

Hapa naomba wazazi wanisikilize zaidi. Watoto wetu nao wana soshali, na hakuna anayetazama faili la mtoto wa miaka sita. Mwizi anaweza kulitumia miaka kumi na mbili, na kijana akaja kugundua siku anapoomba mkopo wa kwanza. Mzazi ana haki ya kumfungia faili mtoto aliye chini ya miaka 16, bure vilevile. Inahitaji kutuma nakala za vyeti kwa posta, ni kazi ya jioni mbili tatu, lakini ifanyeni.

Jambo la pili ni kupunguza barua zenyewe. Matangazo mengi ya "umekwisha kukubaliwa" ni halali: benki imenunua orodha ya majina kutoka kwa kampuni zile zile za kumbukumbu, na sheria inairuhusu. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kusema hutaki. Piga 1-888-567-8688 au ingia optoutprescreen.com, na jina lako litaondolewa kwenye orodha hizo kwa miaka mitano. Ukitaka liondolewe moja kwa moja, kuna fomu ya kusaini na kuirudisha kwa posta. Hazitaisha zote, maana wapo wafanyabiashara wanaopata majina kwingine, lakini boksi litapungua, na kwenye boksi lenye barua chache ya ajabu huonekana upesi.

Tatu, ijue ripoti yako ya mikopo kabla hujapata sababu ya kuitilia shaka. Kila kampuni kati ya zile tatu inakupa ripoti yako bure kila wiki kupitia annualcreditreport.com, na asiyependa intaneti anaweza kupiga 1-877-322-8228. Kujitazama mwenyewe hakupunguzi alama. Ukikuta anwani ambayo hujawahi kuishi au kadi ambayo hujawahi kuishika, umepata habari mapema.

Boksi la barua nalo ni la kuangaliwa. Sisi tunahama sana, kutoka ghorofa moja kwenda jingine kufuata kazi au shule. Ukihama, waarifu posta wakupelekee barua kule uliko, wao huzipeleka kwa miezi kumi na miwili, na uiarifu benki siku hiyo hiyo. Barua ya kweli ya benki ikibaki kwenye boksi la nyumba ya zamani, anayeiokota ana jina lako na habari zako. Posta pia ina huduma ya bure iitwayo Informed Delivery, inayokutumia picha za bahasha zitakazofika siku hiyo. Ukiona picha asubuhi na bahasha isionekane, unajua pa kuanzia kuuliza.

Halafu tafuta daftari. La karatasi. Andika humo namba za simu za benki yako na za kila kadi, ukizitoa nyuma ya kadi yenyewe, na namba za kampuni zile tatu. Daftari hili ndilo litakalokuokoa, na nitaeleza kwa nini.

Watu huniuliza: nitajuaje kama barua ni ya kweli? Wengine wamefundishwa kwamba barua ikiomba soshali ni ya wezi. Sivyo. Fomu halali ya kadi ya benki nayo inaomba soshali. Wengine hutazama makosa ya Kiingereza, na matapeli wa leo wanaandika Kiingereza kilichonyooka. Nembo inaigika, muhuri unaigika, hata anwani ya kurudishia inaigika. Mimi nimeacha kuihukumu barua kwa sura yake. Ninachoshikilia ni kwamba sipiti njia iliyoletwa na barua. Sipigi namba iliyoandikwa ndani, siingii tovuti iliyotajwa, sipigi picha ile alama ya mraba ya kuskani, situmii bahasha waliyoiweka. Kama jambo linanihusu, nafungua daftari langu, napiga namba niliyoiandika mwenyewe na kuuliza: "Je, mmeniandikia barua hii?" Kama ni ya kweli watajua. Kama si ya kweli, hakuna nilichopoteza.

Na kuna barua zisizohitaji hata simu. Mkopeshaji anayedai utangulize pesa ndipo akupe mkopo, aite bima, ada ya usajili au malipo ya mwezi wa kwanza, huyo ni wa kuachwa. Anayetaka alipwe kwa kadi za zawadi ni mwizi, hakuna benki wala ofisi ya serikali inayodai malipo hivyo. Kuwa mwangalifu pia na hundi inayokuja ikiwa na jina lako. Nyingine ni feki: pesa zinaonekana kwenye akaunti, wiki chache baadaye hundi inarudi na benki inakudai wewe. Nyingine ni za kampuni halali, lakini ukiisaini na kuiweka benki umekubali mkopo wenye masharti yaliyo nyuma ya karatasi, na riba yake huwa kali.

Lakini msiende upande wa pili mkaanza kutupa kila bahasha bila kuifungua. Hili linanitia wasiwasi kuliko utapeli wenyewe, kwa sababu nimeliona kwa walioonywa sana. Barua inayosema "asante kwa ombi lako la kadi", wakati hukuomba chochote, inaweza kuwa ya kweli kabisa, nayo inakuambia kwamba mtu ameomba kwa jina lako. Inayosema ombi lako limekataliwa ni hivyo hivyo: sheria inamtaka mkopeshaji aliyekukataa kwa sababu ya ripoti ataje kampuni iliyoitoa, na una siku 60 za kuidai ripoti hiyo bure. Hata barua ya posta ya kuthibitisha kwamba umehama, nawe hujahama, ni ya kushughulikiwa siku hiyo hiyo, kwa namba za daftari. Matangazo ya kawaida ndiyo ya kuchanwa vipande vipande, siyo kutupwa mazima kwenye jaa la nje.

Kubalianeni nyumbani kwamba fomu yoyote inayoomba soshali hailali ikiwa imejazwa, na haitoki bila watu wazima wawili kuiona. Nasema watu wazima. Watoto wetu ndio wakalimani wa nyumba, mtoto wa darasa la tano anamsomea bibi barua ya benki, lakini kusoma maneno ni kitu kimoja na kuamua ni kingine. Tusiwabebeshe.

Kama umeshatuma, usione aibu ikakuchelewesha. Funga faili zote tatu leo. Piga benki, uwaambie namba ya akaunti imeshafika kwa watu usiowajua, wakufungulie nyingine. Ingia identitytheft.gov, au piga 1-877-438-4338, ni ya FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wateja. Watakuandalia hati ya taarifa ambayo utaionyesha kwa wadai, pamoja na hatua za kufuata. Barua na bahasha yake usivichane, maana wakaguzi wa posta wanavihitaji, nao wanapatikana kwa 1-877-876-2455.

Yule mama tulikaa naye jikoni mchana ule. Fomu tuliichana, barua na bahasha nikaziweka pembeni kwa ajili ya wakaguzi, kisha tukafunga faili lake kampuni moja baada ya nyingine, yeye akinitajia majibu, mimi nikiandika. Tulipomaliza ya tatu alinyamaza kidogo, akatoa simu akampigia mdogo wake aliyeko Texas. "Uko na barua yoyote umeijaza?" alimuuliza. "Usiitume. Ngoja nikupatie huyu mtoto akueleze."