Somo: Kupoza injini ya hewa kabla hujanunua rejeta ya oili

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea Volkswagen aina ya Karmann Ghia hapa gereji Nyakato, Mwanza. Alikuwa ameifunga rejeta ya oili mpya (kipoza oili cha nje), kubwa kama sinia ya pilau, na bado oili ilikuwa inafika nyuzi 125 akipanda kilima cha Bugando. Rejeta haikuwa na kosa. Tulipofungua boksi la feni tukakuta kiota cha panya kimekaa juu ya silinda za upande mmoja, kimesukwa kwa nyuzi za gunia, na akiba ya mahindi humohumo. Gari lilikuwa limelala chini ya mwembe miaka minne. Tulikitoa kwa mkono na waya, tukarudi Bugando, oili ikaishia nyuzi 104.

Kwa hiyo somo hili linaanza na hewa. Rejeta itakuja mwishoni, kama bado utaihitaji. Nazungumzia familia mbili za magari: Volkswagen za mgongo wa chura na Karmann Ghia, na Porsche 911 za hewa, ambazo zilifikia ukomo 1998. Humo hamna maji. Joto linaondolewa na hewa ya feni inayopita kwenye mapezi (mbavu nyembamba za chuma) ya silinda na ya hedi, yaani kichwa cha silinda, na jingine linabebwa na oili. Mwanza tuko kwenye mita 1,100 na ushee juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 10. Feni inazunguka vilevile ila inasukuma hewa pungufu. Vilima vyetu navyo mnavijua.

Hatua ya 1: Pima

Usiseme "linachemsha" kwa sababu umesikia harufu. 911 ina geji ya oili kwenye dashibodi. Kwa Volkswagen tafuta kipimajoto cha kuingiza kwenye tundu la kijiti cha oili. Chagua njia moja uirudie kila unapobadilisha kitu: mimi natoka Igoma hadi Kisesa na kurudi, halafu napanda Bugando kwa gia ya pili. Kati ya nyuzi 80 na 110 lala usingizi. Ikivuka 120 na kukaa huko, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Safisha mapezi

Oili inayovuja ikikutana na vumbi inakuwa tope, na tope likikauka linakuwa blanketi. Toa mabati ya juu, kwangua kwa mti au brashi, pulizia kompresa. Ukishaanza kusafisha tafuta na chanzo cha uvujaji, la sivyo utarudi hapo baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 3: Ziba njia za wizi

Hapa ndipo magari mengi ya huku yanapokufa, nami ndipo natumia muda mwingi.

Injini hizi zimegawanywa kwa mabati: juu ni hewa baridi, chini ni hewa iliyokwishapita kwenye silinda ikachoma. Pembeni pote kuna mpira unaoziba nafasi kati ya mabati ya injini na bodi. Mpira ukioza, au fundi akirudisha injini bila bati moja kwa sababu "halina kazi", hewa ya moto inapanda juu, feni inaivuta tena, na injini inapozwa kwa jasho lake yenyewe. Washa injini, iache ipate moto, kisha pitisha mkono kuzunguka ukingo ule, mbali na mkanda. Ukihisi joto linapanda, umepata mwizi. Mpira wenyewe ukikosekana, mpira mnene wa mlango wa friji unaweza kukusogeza, ila weka ule halisi ukiupata.

Mwizi wa pili ni hita. Nani anataka hita Mwanza? Basi mafundi wanatoa mipira (mabomba) ya hita na kuacha matundu mawili ya boksi la feni wazi, na hewa inatokea hapo bila kugusa silinda. Kama maboksi ya hita kwenye ekzosi yameshatolewa, ziba matundu kwa bati. Kama bado yapo, rudisha mipira, maana nayo yanahitaji hewa ipite.

La tatu ni themostati, kifaa kinachofungua na kufunga njia kwa kufuata joto, na milango midogo ndani ya boksi la Volkswagen. Watu wanaing'oa yote wakidhani wanafungua njia. Milango ile ikiwa wazi inasaidia kuelekeza hewa. Iache, hakikisha tu inafunguka.

Hatua ya 4: Feni na mkanda

Volkswagen ukibonyeza mkanda katikati ushuke kama sentimita 1.5, 911 ukaze zaidi, usishuke kuzidi sentimita 1. Zote mbili zinakazwa kwa washa (visahani vya chuma vyenye tundu) zilizo kati ya nusu mbili za puli, gurudumu linalobeba mkanda: ukipunguza washa katikati, mkanda unakaza. Zile ulizotoa zifunge upande wa nje wa puli, usizitie mfukoni. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani simama papo hapo, maana huenda mkanda umekatika na feni imesimama. Gari la maji linakupa dakika za kufikiri, hili halikupi.

Kwa 911, hesabu mapanga ya feni. Kuna matoleo yalitoka na mapanga 5. Ya 11 yanapoza vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Moto na petroli

Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ikichelewa inapasha hedi na ekzosi. Ikiwahi mno injini inagonga, na kugonga kunatoboa pistoni. Weka kwa taa ya taimingi, siyo kwa sikio. Kabureta iliyopunguzwa jeti (vitundu vya kupitisha petroli) Nairobi, kwenye mita 1,700, ikishuka hapa itakuwa na petroli kidogo mno kwa hewa inayoingia, na injini itapata joto kupita kiasi. Angalia rangi ya plagi: nyeupe kama chaki ni onyo.

Hatua ya 6: Oili

Volkswagen inabeba lita 2.5 tu, kwa hiyo nusu lita ikipungua ni jambo kubwa. Oili ya daraja la 20W-50 inafaa hali yetu. 911 ina tangi lake la oili pembeni: pima injini ikiwa ya moto, inaunguruma, gari limesimama tambarare. Ukipima baridi utaona "haipo", utajaza, na ziada itapanda hadi kwenye chujio la hewa.

Hapo sasa ndipo rejeta inaingia. Volkswagen za mpaka 1970 zina kipoza oili ndani ya boksi, kinachoinyima hewa silinda namba 3. Boksi la kuanzia 1971 limekitoa pembeni. Kufunga boksi hilo jipya ni bora kuliko rejeta ya nje.

Maswali ya wanachama

*Wa Kirumba:* Shikamoo fundi. Mimi naegemeza mlango wa injini kwa kipande cha ubao. Inasaidia?

Marahaba. Kwenye foleni haidhuru. Barabarani inakuletea vumbi, na mara nyingine hewa inavurugika badala ya kuingia. Pima na ubao, pima bila ubao, kisha unijulishe.

*Wa Capri Point:* 911 SC yangu safarini iko 95, nikikaa foleni ya kivuko Kamanga inafika 120.

Kipoza chako kiko ndani ya madigadi ya mbele kulia, na kinategemea mwendo. Kwanza injini ikivuka 90 gusa kwa tahadhari mabomba yanayokwenda mbele. Yakiwa ya baridi, themostati ya oili imekwama. Yakiwa ya moto, tafuta kipoza chenye feni ya umeme. Porsche wenyewe waliiweka kwenye 911 aina ya Carrera za kuanzia 1987. Na ukiwa kwenye foleni ile, kaka, zima gari.

*Wa Musoma:* Vijana wa kuosha magari wanamwagia maji injini ikiwa ya moto ili ipoe haraka.

Wakataze. Hedi ya aluminiamu inaweza kupinda au kupasuka.

*Wa Igogo:* Kuna mtu anasema gari hizi ni za baridi ya Ulaya, Afrika haziwezi.

Mwambie dereva Mkenya Vic Preston Jr. alimaliza wa pili Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya, 1978 na 911 SC.

*Wa Magu:* Nilisafisha kipoza cha mbele mwezi uliopita, joto limerudi. Nimebadilisha na oili.

Unapita njia ya ziwani jioni? Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi wananasa kwenye mapezi na kukauka kama gundi. Loweka kwa maji ya sabuni nusu saa, kisha sukuma maji ya bomba kutoka nyuma kuja mbele, taratibu, mashine ya presha itakulaza mapezi. Weka wavu wa matundu mapana mbele yake, na uukung'ute kila Jumamosi.