Haiku: andika kilichopo mbele yako

Nilikuwa namsaidia rafiki aliyezoea kutunga tarbia. Kila akijaribu haiku, yaani shairi fupi la Kijapani la mishororo mitatu, unatoka wosia. Nikamwandikia hatua hizi.

1. Kaa. Hesabu pumzi, moja hadi kumi, kama wafanyavyo wanaoanza kutaamali kwa njia ya Zen, tawi la Ubuddha. Ukipotea, rudi moja. Dakika tano zatosha.

2. Andika unachokiona na kukisikia. Kwa penseli. Simu sikushauri hata kidogo; ukishaifungua, akili imeondoka. Mimi niliandika: bomba linavuja, sisimizi amesimama.

3. Futa. Hapa nilikwama siku nzima. Nilikuwa nimeandika "sisimizi mnyonge, kama mimi, aogopa dunia". Nani kamuuliza sisimizi? "Mnyonge" ni hukumu yangu, nikaifuta. "Kama mimi" iliniuma, maana nilidhani ndiyo roho ya shairi. Kilichonisaidia ni haiku ya Bashō, mshairi wa Japani, ya mwaka 1686: bwawa kongwe, chura anaruka, mlio wa maji, basi. Utulivu hautajwi popote, ila ukimaliza kusoma unausikia.

Lakini angalia usifute kila kitu. Issa, mshairi mwingine wa haiku, aliongea na nzi na viroboto kama ndugu zake, na mashairi yake yanagusa kwelikweli, kwa sababu nzi mwenyewe yupo pale. Tena ukifuta mno unabaki na orodha ya vitu. Mimi nilibaki na bomba na sisimizi, kila mmoja na lake. Ikabidi nirudi kuangalia, si kufikiri. Ndipo nikaona kwamba alisimama hatua moja tu kabla ya pale tone lilipoangukia, na kwamba mimi pia nilikuwa nimebana pumzi nikisubiri lingine. Hilo sikuliandika. Msomaji akisimama nilipokuwa nimesimama, atalipata mwenyewe.

4. Mizani. 5, 7, 5. Jumla 17, yaani haiku nzima inazidi mshororo mmoja wa shairi letu la mizani 16 kwa mizani moja tu. Wajapani huhesabu vipande vya sauti ambavyo si sawasawa na silabi zetu, kwa hiyo ikizidi au kupungua moja, usijinyonge. Vina achana navyo kabisa. Vitakulazimisha useme usichokiona.

Yangu iliishia hivi:

*Bomba lavuja —*
*sisimizi kasita:*
*tone la pili.*